Kikohozi Kilichozima Taa

Mzee Hebroni akikohoa, taa zinazima. Ndivyo Kyela nzima ilivyokuwa ikisema masika yale, na ubaya wa maneno hayo ni kwamba hayakuwa uongo.

Taa zenyewe zilikuwa za gari lake. Lilikuwa gari la namna yake: nyumba nzima juu ya magurudumu, yenye vitanda, jiko la gesi, friji ndogo na taa sita darini. Wazungu wawili, mume na mke, walikuja nalo kutoka Malawi mwaka wa tisini na mbili. Walivuka mpaka pale Kasumulu, malaria ikamlaza mke siku tisa, na mume akaona safari imetosha. Miaka hiyo biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kila mwenye akili alitafuta kitu ambacho jirani yake hana. Mzee Hebroni alikuwa na ndugu ng'ambo zote mbili za mto Songwe, na alikwisha kuuza mchele, vitenge na baiskeli. Akalinunua. Aling'oa vitanda akaweka mabenchi na meza, akampa mwanawe Davidi usukani, na Keziya, mke wa Davidi, akampa jiko. Gari likawa hoteli ya chai na wali inayofuata magulio, leo Ngana, kesho Ipinda. Watu wakalibatiza jina Konokono, kwa sababu lilitembea na nyumba yake mgongoni.

Mzee aliagiza taa ziwake mchana kutwa na redio iimbe, maana hoteli yenye taa ni hoteli na isiyo na taa ni kibanda. Basi wateja wakiwa wamekaa wanakula, ghafla taa zote sita zinazima na redio inakatika katikati ya wimbo. Baada ya muda, bila mtu kugusa kitu, vinarudi. Na kila mara ilikuwa vile vile: mzee amefika mlangoni, amekohoa.

Chumba cha fundi wa Konokono kilikuwa mtaa wa Mbugani, katika nyumba ya Mzee Hebroni huyo huyo. Aliyekipanga alikuwa Mzee Dulla, mtu wa Pangani, fundi wa betri na redio, aliyefika Kyela kijana na kuzeekea hapo. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu. Miaka mitatu sasa aliyeona kwa niaba yake alikuwa Tusajigwe, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyeacha shule darasa la tano mama yake alipougua. Alikuja kuuza ndizi mlangoni pale, akasimama kutazama redio iliyofunguliwa, na kesho yake akaja bila ndizi. Mikono yake aliiamini. Akishika waya gizani angekwambia ni mzima au mgonjwa. Ulimi ndio uliomshinda. Mteja akiingia, alisema shikamoo, akainamia kazi.

Alhamisi moja Mzee Hebroni akaja chumbani hapo.

"Hodi kwa mafundi."

"Karibu, mwenye nyumba," alijibu Mzee Dulla. "Umekwisha kukohoa huko nje, au tuweke mshumaa karibu?"

"Cheka tu, Mpwani. Utacheka mpaka ufike Pangani."

"Nitacheka mwisho wa mwezi, wanangu wakinipokea stendi. Wallahi nimechoka na mvua zenu."

Mzee Hebroni hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, kofia magotini. "Hilo ndilo lililonileta. Unaondoka. Mwenye mashine ya kusaga amekuja tena kuulizia chumba."

"Chumba kina fundi," alisema Mzee Dulla, akamwonyesha Tusajigwe kwa kidevu.

"Huyu? Tangu aje hapa sijasikia neno lake zaidi ya shikamoo."

"Mikono yake inasema."

"Mikono haisemi, Dulla. Sina neno na fundi mwanamke. Nina neno na fundi bubu. Mteja akiuliza chombo chake kina nini, atajibiwa na mikono? Atachukua chombo aende Mbeya." Akamgeukia msichana. "Binti, Jumamosi ni gulio la Ipinda. Panda Konokono, uende nalo. Ukiuona ugonjwa wake, ukanieleza kwa kinywa chako nikaelewa, chumba hiki ni chako. Usipouona, au ukiuona ukanyamaza, anaingia mwenye mashine. Umesikia?"

Tusajigwe alitazama meza yenye alama za kuungua za lehemu, nyingine za mkono wa Mzee Dulla na nyingine za mkono wake. "Nitakwenda, tata," alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

Mzee alipoondoka, Dulla alimhesabia yale aliyokwisha kuyafanya. Alibadilisha betri ya nyuma, ile ya nyumba. Alisafisha vichwa vyake. Alikaza ethi, ule waya unaofunga betri kwenye bodi, na kupapasa nyaya zote. "Na fyuzi haijaungua hata mara moja. Ingekuwa shoti, fyuzi ingeungua. Hapa kuna waya unaoachana na mwenzake halafu wanapatana, kama mke na mume wa Kyela."

"Kama wa Pangani," alisema Tusajigwe, taratibu.

"Ala! Kumbe unasema!"

Jumamosi mvua ilikuwa nyepesi na mawingu mazito. Konokono liliegeshwa ukingoni mwa gulio la Ipinda, ubavu ukielekea kwa watu. Lilikuwa na milango miwili: wa ubavuni, wanapoingia wateja, na mdogo wa nyuma, karibu na jiko, juu ya vidaraja viwili vya chuma. Tusajigwe aliweka begi lake la zana chini ya benchi, akatoa taa ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili. Akagusa betri: ikawaka. Akagusa sanduku la fyuzi mbele: ikawaka. Akapita chini ya mabenchi kwa magoti, akivuta kila waya na kugonga kila kiungo kwa mpini wa bisibisi. Saa nzima. Taa hazikupepesa hata jicho.

"Umelikuta limepona," alisema Davidi, akipanga vikombe. "Au linakuogopa."

Tusajigwe alitabasamu tu. Hakuwa na wasiwasi. Ubovu wa namna hii hautafutwi kama sindano; unasubiriwa kama panya, na anayesubiri vizuri huuliza kwanza panya hupita saa ngapi. Akamsogelea Keziya, aliyekuwa akichambua mchele jikoni. Na kwa Keziya ulimi haukumshinda, maana wanawake wawili wakiinamia ungo mmoja maneno hujipenyeza yenyewe.

"Dada, huwa zinazima lini?"

"Akija baba," Keziya alijibu kwa sauti ya chini. "Kila mtu anajua."

"Hazijawahi kuzima baba akiwa hayupo?"

"Hapana." Kisha akaacha kuchambua. "Ah, mara moja. Jumanne ile, Ngana."

"Kweli!" Davidi alidakia. "Baba alikuwa Kasumulu siku ile. Ndiyo maana nawaambia watu kikohozi hakina kosa, hawasikii."

"Siku hiyo alikuwepo nani?"

"Wateja tu. Na baba mdogo Ezra, alipita kunywa chai."

Vidole vya Tusajigwe vikasimama juu ya ungo. Ezra alikuwa mdogo wake Mzee Hebroni. Alikuwa mfupi, hana kofia, hakohoi. Basi, yeye na kaka yake walifanana kwa lipi? Damu, ndiyo. Lakini waya hauijui damu. Aliyepaswa kuichunga damu hiyo humo garini alikuwa mtu mmoja tu: mkwe.

Kabla hajamaliza wazo hilo, kikohozi kikasikika nje. Mzee Hebroni alikuwa amefika na lori la mchele.

"Ehem! Ehem!"

Wateja wote wakainua macho darini. Tusajigwe peke yake hakutazama dari. Alimtazama Keziya.

Keziya aliweka ungo chini, akavuta khanga mpaka usoni, akageuza mgongo upande wa mlango mkubwa. Akaambaa na ukuta wa kushoto, ubavu ubavu, na kwa hatua moja ya haraka akatoka mlango wa nyuma. Hakuna aliyegeuza shingo. Mkwe hakai chumba kimoja na baba mkwe wake, wala hamwangalii usoni, na adabu hiyo huwafikia ndugu wa kiume wa baba mkwe pia. Mzee naye hukohoa mapema, ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kupisha. Nyumbani nafasi ni kubwa, kuna uwanja na migomba. Ndani ya gari kuna mlango wa nyuma tu. Watu walikuwa wameliona jambo hilo tangu walipozaliwa, na kitu unachokiona hivyo hukioni tena.

Giza likaingia. Redio ikanyamaza.

"Tata!" aliita mteja mmoja, mnunuzi wa kakao mwenye mdomo mpana. "Kwa nini usimtume mtu akukoholee?"

Kicheko kikajaa gari zima. Mzee Hebroni alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Kisha akautoa. Akaenda kukaa barazani pa duka la ng'ambo ya njia, peke yake, akilitazama gari lake kwa mbali. Alipokwisha kukaa, Keziya akarudi ndani. Taa zikawaka.

Tusajigwe alikwenda mlango wa nyuma. Akatoka, akaingia. Hakuna kilichotokea. Akatoka tena kwa kuruka. Taa zinawaka tu. Mwingine angekata tamaa hapo, yeye akachuchumaa. Kizingiti kilifunikwa kwa bamba jembamba la bati, na juu yake kulikuwa na nyayo za Keziya zenye maji na matope. Hazikuwa katikati, anapokanyaga mtu yeyote. Zote zilikuwa pembeni kabisa kushoto, mahali ambapo hakuna mtu angekanyaga isipokuwa anayetoka ameambaa na ukuta, amejifunika, hataki kuonekana. Pembe hiyo ya bamba ilikuwa imesuguliwa ikang'aa kama sarafu.

Akaweka kisigino chake hapo, akaegemeza uzito wote.

Giza. Wateja wakaguna, wakatazama mlangoni. Mzee yuko barazani, kimya.

Akakanyaga tena. Mwanga.

Akafungua skrubu tatu, akainua bamba. Waya mkubwa wa betri ulipita chini yake. Ngozi yake nyeusi ilikuwa nzima, na ndiyo maana Mzee Dulla alipoupapasa mara ile hakuona kasoro. Tusajigwe aliushika kwa vidole viwili kila upande, akauvuta polepole. Penye shaba nzima waya hauvutiki. Huu, mahali pamoja, ulivutika kama utumbo wa kuku. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika, vichwa vyake vikigusana na kuachana kila mguu unapoushtua.

Akarudisha bamba, akafunga skrubu. Ugonjwa alikuwa ameuona. Ilibaki nusu nyingine ya kazi.

Keziya alikuwa amesimama nyuma yake, kijiko mkononi, na alikuwa ameelewa yote. "Mdogo wangu," alinong'ona, "badilisha huo waya, unyamaze. Nakuomba. Watasema mimi ndiye niliyevunja gari la baba."

"Hukuvunja kitu, dada. Aliyevunja ni yule aliyeulaza waya mlangoni kama mkeka."

"Na utamwambiaje? Hilo jambo halisemwi mbele yake. Utamwambia namkimbia?"

Tusajigwe alifikiri. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Kunyamaza alikujua tangu utotoni. Angeweza kuunga waya, taa zisizime tena, na watu wangesema mzee ameombewa. Chumba kingekwenda kwa mashine ya kusaga, na mzee angebaki na kikohozi chake maisha yake yote.

"Sitasema unamkimbia," alisema. "Nitasema unampisha. Kupisha si aibu. Lakini nisaidie jambo moja. Nikikupungia mkono kutoka barazani, toka kama unavyotoka akija baba. Vile vile hasa, na khanga usoni."

Keziya aliweka kijiko chini. "Vile vile hasa?"

"Hasa."

Tusajigwe akavuka njia kwenye mvua. Mbele ya Mzee Hebroni akapiga magoti kama inavyopasa. Aliwaza kwamba sauti ni kama injini ya asubuhi: haikatai, inataka tu kusukumwa.

"Tata, nimeuona."

"Sema."

"Kwanza naomba ukae hapa hapa. Usije garini, wala usikohoe."

Nyusi za mzee zilipanda. "Binti, na wewe umekuja kunicheka?"

"Hapana, tata. Tazama madirisha."

Akapunga mkono. Madirisha ya Konokono yalikuwa ya manjano kwa mwanga. Yakawa meusi. Ndani kelele zikalipuka, na sauti ya mnunuzi wa kakao ikasikika juu ya zote: "Na hajakohoa! Mzee yuko kule, hajakohoa!"

Mzee Hebroni alisimama. Kikombe cha chai alichopewa dukani kilikuwa bado mkononi.

"Nani amezima?"

Hapo ndipo Tusajigwe alipoeleza, na alieleza kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa mama yake. Alisema waya wa betri umelazwa chini ya kizingiti cha mlango wa nyuma, pembe ya kushoto. Alisema umekatika ndani ya ngozi yake, hauonekani kwa jicho. Watu wote hukanyaga katikati, hawaushtui. "Ila yupo anayekutunzia heshima, tata. Ukibisha hodi kwa kikohozi, anakupisha. Hutoka ameambaa na ukuta, kwa hiyo mguu wake huangukia kwenye ile pembe. Akirudi ndani, anaikanyaga tena, waya unagusana, taa zinarudi. Siku ya Ngana alipita baba mdogo Ezra, naye pia hupishwa. Ndiyo maana zilizima ukiwa Kasumulu." Akavuta pumzi. "Si kikohozi. Si wewe. Wala si yeye. Ni waya uliowekwa na mtu asiyejua kwamba kwetu mlango wa nyuma una kazi."

Mzee aliweka kikombe chini barazani.

"Kwa hiyo si mimi," alisema mwishowe.

"Si wewe, tata."

"Jumapili nilikohoa kanisani," alisema mzee. "Vumbi tu la mkeka. Watu wa benchi la mbele wakatazama taa. Nikatoka nje nikamalizia kukohoa chini ya mti, kama mwizi." Akafuta uso kwa kiganja. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya mfanyabiashara. "Na dawa? Usiniambie mkwe wangu aache adabu yake kwa ajili ya taa. Wala usiniambie niache kwenda kwenye gari langu."

"Hakuna atakayeacha kitu. Waya ndio utahama. Nitaupitisha juu, darini, pasipo mguu wa mtu."

"Lini?"

"Kabla wali haujaiva."

Alikosea kidogo hesabu ya wali. Uliiva, ukaliwa, na bado alikuwa amelala chali juu ya benchi akipigilia vibanio darini, huku wateja wakimshauri kutoka kila upande, na yeye akiwaambia wapishe miguu. Alikata kipande kibovu, akaunga mpya kwa lehemu, akafunga kiungo kwa utepe mweusi mara nne. Alipounganisha betri, taa zote sita zikawaka. Akaenda kizingitini, akapiga kisigino pembe ya kushoto. Akapiga tena. Akaruka juu yake kwa miguu yote miwili mpaka sufuria zikalia. Mwanga haukutikisika.

"Sasa aje," alisema.

Mzee Hebroni akaja. Alisimama nje ya mlango mkubwa, akaweka kofia sawa, na gari zima likanyamaza, hata mnunuzi wa kakao.

"Ehem!"

Keziya akavuta khanga, akaambaa na ukuta, akatoka. Mguu uligonga pale pale. Redio iliendelea kuimba.

"Ehem!" alikohoa tena mzee, kwa nguvu zaidi. "Ehem! Ehem!"

"Tata, inatosha," alisema mnunuzi wa kakao. "Amekwisha toka zamani."

Walicheka wote, na safari hii mzee alicheka nao. Akaingia ndani ya gari lake, akakaa benchi la katikati, chini kabisa ya taa, na Davidi akamletea wali. Alikula bila haraka. Alipomaliza, akamwambia Tusajigwe bila kuinua macho kwenye sahani, kama mtu anayetaja jambo lililokwisha kuamuliwa: "Mwenye mashine atafute chumba kwingine. Dulla akiondoka, ufunguo uchukue wewe. Ndaga, asante, mwanangu."

"Ndaga, tata."

Tusajigwe alikuwa akikusanya zana zake, mnunuzi wa kakao alipomsogelea. Sasa hakuwa na mzaha. Nyumbani ana redio, alisema, nzima kabisa, lakini huwa inakatika yenyewe, na mke wake anasema ni yeye anayeiharibu. Je, fundi anaweza kuitazama?

Tusajigwe alifunga begi, akamtazama usoni.

"Inakatika wakati gani?" aliuliza. "Na nani huwa yupo?"